Ngozi Iliyofundishwa Kusahau

Ngozi ile ilikuwa laini kuliko ya mtoto mchanga, na aliyeipika ni Bernadine Domarek. Kupika ndilo neno walilolitumia wenyewe pale maabara. Alikuwa akikoroga mpira wa silikoni kwenye bakuli, akaumimina kwenye kalibu bapa, akatandaza juu yake nyaya nyembamba kuliko unywele, akafunika kwa tabaka jingine, kisha akaitia yote kwenye oveni mpaka ishikamane. Ikishapoa aliuvisha mkono wa roboti, kidole kwa kidole, kama unavyomvisha mtoto glavu asubuhi ya baridi. Kuanzia hapo mkono ule wa chuma ulijua kuguswa. Ukiutekenya unajua, ukiufinya unajua, hata unyoya ukiangukia kiganjani unajua.

Lakini ngozi hiyo mwanzoni ilikuwa na tabia moja ya kuaibisha. Ikishikwa na mtu ikapata joto, iliendelea kuamini imeshikwa hata mtu mwenyewe akishaondoka zamani. Siku moja walikuja wageni wakubwa kuutazama, mkono ukapeana nao salamu vizuri, halafu ukabaki umeikamata hewa, haukubali kuiachia, kama mlevi na nguzo ya taa. Wageni walicheka mpaka wakatoa leso. Bernadine hakucheka. Alirudi nyumbani na hasira zake, akakaa jikoni peke yake, akafikiri.

Dawa aliipata kwa baba yake. Mzee Stush Domarek alikuwa mpimaji kwenye mizani ya malori pale kiwanda cha chuma cha Braddock, na Bernadine alipokuwa mdogo alimchukua siku za likizo akakae naye kibandani. Lori lilipanda mizani likiwa tupu, mzee akarudisha mshale kwenye sifuri. Likaenda, likarudi limejaa. "Kilichopo siku zote hakipimwi, Berni," alimwambia, huku akimmenyea yai la kuchemsha. "Kiondoe. Kinachobaki ndio mzigo."

Basi na yeye akaifundisha ngozi hivyo hivyo. Mguso usiobadilika kwa kitambo kidogo, ihesabu ni sifuri. Na mkono, ukishaona hauna unachokigusa, ujirudie taratibu mahali pake. Tangu siku hiyo haukushika tena hewa, na joto halikuudanganya.

"Kwa hiyo umeifundisha kusahau," alisema Wendell Tibbs, mwenzake wa meza ya pili, kijana mrefu mwenye mzaha usiokwisha. "Bado kuichukia Jumatatu tu, iwe mtu kamili."

"Wewe unaichukia kwa niaba ya jiji zima."

"Kazi ya kujitolea, bosi."

Waliujaribu mkono kwa kila namna. Waliupiga vidole, waliupapasa, waliuminya, waliuwekea mayai, zabibu na vishada vya manyoya. Jambo moja tu hawakulifanya, na ukiwajua watu wale hutashangaa. Hakuna aliyekaa akaushika bila kufanya lolote. Nani ana muda huo? Kazi imejaa meza, saa zinakimbia, na wengi wao wakirudi nyumbani hawakuti mtu wa kumshika mkono, wanakuta chakula cha jana kwenye friji. Kushika tu, bila sababu, haikumjia yeyote akilini kwamba nako ni kugusa.

*

Mwaka huo, majani yalipoanza kupukutika, Mzee Stush alipigwa na kiharusi. Kilimchukua upande mzima wa kulia na maneno yote. Kilimwachia mkono wa kushoto, na macho ambayo hakuna aliyejua yanaona nini. Alipelekwa nyumba ya wazee kule Swissvale, na Bernadine akabaki katika nyumba yao ya kilimani, akiwa na vyumba vitatu vya juu, redio ya baba yake na pierogi za kugandishwa, zile sambusa za viazi za kuchemsha, ambazo marehemu mama yake asingekubali hata kuziita chakula.

Alimpenda baba yake. Hilo lisemwe wazi, maana baadaye watu walisema mengine. Ila kila alipokwenda kumwona, mzee alikuwa akiuchukua mkono wake na kuushika, basi. Hauminyi, hauvuti. Anaushika tu na kutazama dari. Bernadine, ambaye tangu utotoni hakuzoea kukaa bure, alianza kusikia miguu ikimuwasha. Alizungumza habari za maabara mpaka zikamwishia. Alizungumza habari za theluji. Halafu ikawa kimya, na ndani ya kimya kile alimsikia baba yake akipumua, akaogopa. Akavuta mkono wake, akambusu kipaji cha uso, akaenda zake huku akijiambia kwamba ana kazi. Na kweli alikuwa nayo.

Lakini njiani, kila mara, jambo moja lilikuwa likimkaba: baba amebakiwa na mlango mmoja tu wa kuingilia, kile kiganja cha kushoto, na mimi nimeufunga nikaondoka. Hakutaka kitu kingine duniani ila mzee yule asilale bila mkono wa kuushika. Ndipo akawaomba wenzake wa maabara ule mkono wa roboti.

Maabara ilikuwa ikitafuta mahali pa kuujaribu nje, kwa hiyo hakuna aliyepinga. Waliufunga kwenye mhimili mfupi kando ya kitanda. Mzee akinyanyua kiganja chake juu ya blanketi, mkono unamwona, unakuja, unajiweka ndani yake, laini na wenye joto la mwili. Bernadine alisimama mlangoni akatazama vidole vya baba yake vikijikunja juu ya ngozi aliyoipika yeye, akahisi mzigo umemshuka mabegani. Yolanda Prewitt, mhudumu wa chumba hicho, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mmh," Yolanda akasema. "Umetuletea kiti cha kuegeshea."

"Kiti gani tena?"

"Usijifanye hujui, dada. Hukuzaliwa hapa wewe? Mtu anachimbua nafasi ya gari lake kwenye theluji, anaweka kiti, anaenda zake. Kiti kinamshikia mahali pake."

Alisema akicheka, na Bernadine akacheka pia, ila yeye alichelewa kidogo kuanza. Nyumbani mbele ya mlango, katika nafasi aliyoichimbua kwa beleshi asubuhi ile, alikuwa ameacha kiti cha jikoni cha baba yake, chenye mguu uliofungwa waya. Mtaani kwao jirani anaweza kukusamehe ukimtukania ukoo, lakini si ukimsogezea kiti chake.

*

Majuma ya kwanza hapakuwa na habari. Kisha Wendell, ambaye ndiye aliyekwenda Swissvale kuukagua mkono, akarudi ana tabasamu la sikio kwa sikio.

"Bosi, baba yako anaupenda."

"Umejuaje?"

"Anacheza nao. Anaugonga kwa kidole gumba hivi, tap, tap, tap, hachoki. Mwanzoni alikuwa anaugusa kidogo tu halafu basi. Sasa hivi hataki hata kuuachia. Nimemwambia, Bwana Stush, ukiuchosha utaununua."

"Na yeye?"

"Akanitazama kama lori lililozidisha mzigo."

Bernadine alicheka mpaka machozi yakamtoka, maana jicho lile alilifahamu. Jioni hiyo alikula pierogi zake kwa hamu. Baba anacheza, alijiambia. Mzee aliyenyamaza kama jiwe anacheza na kitu nilichokitengeneza mimi. Palikuwa na wivu kidogo ndani ya furaha hiyo, akaumeza.

Jumapili alipokwenda, mkono ulikuwa umezimwa ili uchajiwe, kama ilivyokuwa kila Jumapili. Alimpa baba yake mkono wake yeye, na kidole gumba cha mzee kikaanza papo hapo kuugonga mgongo wake. Tap, tap, tap. Bernadine akamgonga na yeye. Wakagongana hivyo kwa muda, baba na binti, naye akaona kumbe sasa wana mazungumzo. Hakuona kwamba mzee hatabasamu. Alipoondoka, hakusikia miguu ikimuwasha kama zamani, akazidi kuusifu mkono wake moyoni. Akaanza kuruka Jumapili moja moja. Mzee ana mwenzake, alisema, na theluji imezidi.

Kwaresima ilikuwa imeanza, na kanisa la chini ya kilima limeanza kuuza mikate ya samaki wa kukaanga kila Ijumaa, Yolanda alipompigia simu akiwa kazini.

"Dada, kidole cha baba yako kimechubuka."

"Kimechubuka vipi?"

"Gumba. Kimetoka lengelenge, limepasuka, limetoka lingine. Nimekifunga bandeji, anaendelea kugonga na bandeji. Nimempa mpira wa kuminya, ameutupa. Njoo."

"Nitakuja Jumapili."

"Sijakwambia Jumapili," Yolanda akasema. "Nimekwambia njoo."

Bernadine alichukua koti lake.

*

Alifika mchana, chumba kimejaa mwanga mweupe wa theluji. Yolanda alikuwa akikunja shuka kwenye kiti cha pili, kwenye nguo zake kuna harufu ya samaki wa kukaanga. Mzee Stush alikuwa amelala chali, kiganja chake kimeushika ule mkono, na kidole gumba kimefungwa bandeji kinagonga. Bernadine hakuwahi kuwaona pamoja tangu siku ile ya kwanza. Akasimama bila kuvua koti.

Haukuwa mchezo. Mtu akicheza, hupumzika, hubadilisha, husahau kidogo akaanza tena. Mzee huyu aligonga kwa mwendo mmoja, jasho limemtoka juu ya mdomo, macho hayabanduki kwenye ule mkono. Aligonga kama mtu anayetoa maji kwenye mtumbwi unaovuja. Kope zikawa nzito. Zikafumba, zikafumbuka, zikafumba tena. Kidole kikalegea, kikagonga mara mbili tatu bila nguvu, kikatulia juu ya ile ngozi. Usingizi ukamchukua, na uso wake wote ukashuka, ukawa uso wa baba yake Bernadine wa zamani, akisinzia kwenye kochi mbele ya mpira kwenye televisheni.

Kitambo kidogo kikapita. Kisha mkono, bila kelele, ukajichomoa. Uliteleza kutoka kwenye vidole vyake kwa upole ambao Bernadine mwenyewe aliufundisha, ukarudi kwenye mhimili wake, ukajikunja.

Mzee akashtuka. Kiganja chake kilipapasa blanketi kulia, kikapapasa kushoto, hakikupata kitu. Hakulia, hana sauti ya kulilia. Alinyanyua kiganja hewani kukiomba kile kitu kirudi, kikarudi, naye kabla hata hajakishika vizuri, kidole gumba kilikuwa kimeshaanza kugonga.

"Si ndivyo unavyofanya siku zote?" Yolanda akauliza, akimtazama Bernadine usoni. "Akitulia, unaondoka. Mimi nilidhani mmeutengeneza hivyo."

"Ndiyo," Bernadine akasema. "Tumeutengeneza hivyo."

Alisogea, akaushika ule mkono wa roboti kwa upande wa pili, akaweka kiganja chake juu yake na kukituliza, ajue mwenyewe. Alihisi ngozi ikimpokea, laini, ya joto. Halafu alihisi vidole vikilegea kimoja kimoja chini ya kiganja chake, kwa adabu, kama mtu aliyegundua amekaa kwenye kiti kisicho chake. Hakuna mtu hapa, ngozi ilisema. Yeye yupo pale na uzito wake wote na koti lake lililolowa, na kitu alichokitengeneza kwa mikono yake kinamwambia hakuna mtu.

Kilichopo siku zote hakipimwi. Kiondoe.

Akaketi ukingoni mwa kitanda. Alifikiria zile wiki za kwanza, zile Wendell alizosema mzee aligusa kidogo tu halafu basi. Haikuwa basi. Alikuwa ameshika, kama anavyojua yeye kushika, na mkono ukaondoka. Akaushika tena, ukaondoka. Siku ngapi mzee yule amelala hapa akijiuliza amekosa nini? Mpaka akagundua, kwa ile akili yake ya mizani iliyobaki, kwamba mkono haukai na mtu aliyetulia. Ukitaka ukae, usipumzike. Akakubali masharti. Na Jumapili, binti yake alipokuja na mkono wa nyama, mkono ambao nao siku zote ulikuwa na haraka, angejuaje kwamba huu una masharti mengine?

"Naomba unizimie hiyo mashine," akamwambia Yolanda.

"Kwa leo?"

"Izime tu."

Yolanda akaizima, akachukua shuka zake, akaufunga mlango nyuma yake.

Bernadine alivua koti. Alikichukua kiganja cha baba yake, akauweka mkono wake ndani. Kidole gumba kikaanza. Bandeji ilikuwa na doa jekundu katikati, na kila pigo lilimpata Bernadine mahali pale pale.

"Baba, acha," akasema. "Siendi."

Tap, tap, tap.

"Sikia, baba. Ni mimi, Berni. Usiniguse hivyo, utaumia. Wewe nishike tu. Kama zamani."

Mzee alimtazama. Kama alimsikia, neno halikufika kule vidole vinakoamriwa. Bernadine hakumgonga naye. Aliutuliza mkono wake kabisa, na safari hii kimya kilipoingia hakukikimbia, alikaa ndani yake, akamsikia baba yake akipumua. Miguu ilimuwasha, akaiacha iwashe. Simu ilitetemeka ndani ya koti, bila shaka Wendell, akaiacha itetemeke. Nje, gari la kusukuma theluji lilipita likirudi. Mahali fulani kilimani kiti cha jikoni kilikuwa kimemshikia nafasi yake, na kama kimefunikwa na kifunikwe.

Mzee akachoka. Kidole kikapunguza mwendo, kikasitasita, kikalala juu ya mgongo wa mkono wake. Lakini hakufumba macho. Alikuwa akiutazama ule mkono, akingoja. Bernadine alifikiri, sasa ataona. Sasa atatulia na mkono utakuwepo, ataona hauendi, na yote nitakuwa nimeyatengeneza.

Mzee Stush akafungua vidole vyake. Alivifungua vyote, polepole, kimoja baada ya kingine, mpaka kiganja kikawa wazi juu ya blanketi. Kisha akaugeuza uso wake ukutani, kama mtu anavyogeuka stesheni akishampungia mgeni wake, asimwone akipanda.

"Baba," Bernadine akasema. "Baba, bado nipo."

Hakugeuka. Alikuwa ameshamruhusu aende.

Bernadine hakuondoa mkono. Ulibaki pale ulipo, ndani ya kiganja kile kilichofunguka, na mwanga wa dirishani ukaanza kuwa wa kijivu. Yolanda alileta sahani ya chakula cha jioni, akamkuta anakula kwa mkono wa kushoto, vibaya, viazi vinamwangukia mapajani.

"Utalala hapa?"

"Nitakaa."

"Mpaka lini, dada?"

Bernadine alikitazama kiganja cha baba yake. Kilikuwa na joto. Hakikuwa kimefunga.

"Mpaka anishike," akasema.